Barua kwa Mwanangu: Cheruiyot Yupi?

Mwanangu Chepkoech,

Sisi hatujambo. Goti la mama yako limetulia tangu abadilishiwe dawa, na yule ng'ombe uliyetutumia pesa tukamnunua amezaa ndama jike. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Ningekupigia simu, lakini jambo hili kwenye simu huniponyoka, na mama yako naye ana yake mengi ya kukuambia. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu.

Umeniuliza kama tuna undugu na Robert Cheruiyot. Umeeleza kwamba Aprili, siku ya Boston Marathon, mwenzako wa kazini alikuwa akisoma orodha ya washindi wa miaka iliyopita, akahesabu Robert Cheruiyot mara tano, akakugeukia kukuuliza kama huyo ni wa kwenu. Nawe ukajibu papo hapo, "Ndiyo, ni baba yangu mdogo." Sasa wodi nzima inajua, kuna hata mgonjwa aliyeomba kupiga picha nawe, na unataka nikutafutie undugu, hata wa kuungaunga, ili maneno yako yasiwe uongo.

Nitalifikia hilo. Lakini kwanza nami nikuulize: Robert yupi?

Maana mara hizo tano si za mtu mmoja. Nne ni za Robert Kipkoech Cheruiyot, aliyezaliwa mwaka 1978, mtu wa Kapsabet, Nandi. Alishinda 2003, akashinda tena 2006, 2007 na 2008. Ya tano, ya mwaka 2010, ni ya Robert Kiprono Cheruiyot, kijana wa Bomet aliyekuwa na miaka 21. Ukiwaandika kwa kifupi wote wawili ni R. K. Cheruiyot. Hawana undugu. Mmoja ni wa Nandi, mwingine ni wa upande wetu wa Wakipsigis, na kilichowakutanisha ni jina na ile barabara ya kutoka Hopkinton hadi Boston.

Robert wa kwanza, mwaka 2006, alikimbia kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 14. Rekodi ya pale ilikuwa ya Cosmas Ndeti, ya mwaka 1994, naye aliipunguza kwa sekunde moja tu. Sekunde moja, Chepkoech, baada ya kilomita 42! Mwaka uliofuata ilinyesha, upepo ukawapiga usoni njia nzima, akashinda kwa saa 2, dakika 14 na kitu. Katika ushindi wake wote wa Boston huo ndio uliochukua muda mrefu zaidi, nami huuheshimu kuliko mwingine wowote. Na kuna Chicago, Oktoba 2006: alifika mwisho mikono juu, mguu ukateleza kwenye maandishi yaliyobandikwa chini, akaanguka chali, kichwa kikagonga lami, mwili ukavuka mstari ukianguka. Ushindi ukawa wake, naye akapelekwa hospitalini. Picha ile niliikata gazetini nikaibandika darasani, na ilikaa pale ukutani hadi karatasi ikawa ya manjano.

Ya 2010 naikumbuka kwa namna nyingine. Tulikuwa kituo cha kununulia chai, giza limeingia, magunia yamepangwa tukisubiri lori, na mtu mmoja alikuwa na redio ndogo ya betri. Mtangazaji akasema Robert Cheruiyot ameshinda Boston kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 52, na kwamba ameivunja rekodi ya Robert Cheruiyot. Mzee jirani yetu, yule wa ng'ambo ya mto, akasimama. "Mtu akivunja rekodi yake mwenyewe," akauliza, "mbona anatajwa mara mbili kama watu wawili?" Tukabishana hadi taa za lori zikaonekana kwenye kona. Nilijaribu kueleza kwamba huyu ni Kiprono na yule ni Kipkoech, hakuna aliyenisikiliza. Kila mtu alikuwa akisema, "Wetu! Wetu!" Nami nilisema. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Rekodi hiyo nayo ilidumu mwaka mmoja. Aprili 2011 Geoffrey Mutai alikimbia Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, siku moja baada ya Emmanuel Mutai kushinda London. Hao pia si ndugu. Huko duniani waliandika Mutai na Mutai, watu wakatafuta mama mmoja asiyekuwepo.

Nimekwambia tangu hujajua kufunga kamba za viatu: jina ni saa. Kwetu mtoto hakuja duniani na jina la ukoo, alikuja na saa yake. Koech ni alfajiri, Kipkoech akiwa mvulana, Chepkoech akiwa msichana. Kibet ni wa mchana. Kiprono ni wa jioni, kondoo wakirudi nyumbani. Kiprop ni wa mvua. Na Cheruiyot ni wa wakati watu wamekwisha kulala. Ni jina la mwanamume, ingawa Wakenya wenzetu wa sehemu nyingine wakiona "Che" hudhani ni la kike kama lako. Sasa hesabu mwenyewe: ni wavulana wangapi wamezaliwa watu wakiwa wamelala, kuanzia Bomet na Kericho hadi Nandi na Keiyo, tangu enzi za mababu? Kila mmoja wao angeweza kuitwa hivyo, na hakuna aliyemwomba mwenziwe ruhusa.

Katika nyumba yetu alizaliwa Cheruiyot mmoja tu, babu yangu mimi. Mwanawe alipotoka jandoni akaitwa arap Cheruiyot, mwana wa Cheruiyot, kama desturi ilivyotaka. Mimi, kwa desturi hiyo hiyo, ningekuwa arap Rono, kwa sababu baba yangu alikuwa Kiprono. Lakini siku niliyopelekwa shule mwalimu aliuliza jina la baba, akaambiwa arap Cheruiyot, akaandika Cheruiyot, na kalamu ile ndiyo iliyotupa jina la ukoo. Tangu hapo usiku wa mtu mmoja unabebwa na watu waliozaliwa saa nyingine kabisa. Mimi ni Kibet, wa mchana. Wewe ni wa alfajiri. Ndugu yako alizaliwa mvua ikivuja kupitia paa la jikoni, na bado kitambulisho chake kinasema watu walikuwa wamelala.

Ndiyo sababu wazee wakitaka kujua undugu hawaulizi jina, huuliza oret. Neno lenyewe ni njia, na njia ndiyo ukoo, kila mmoja na mnyama wake. Umesahau siku kijana alipokuja kumposa dada yako? Alisimama akajitambulisha kwamba yeye ni Cheruiyot, na wale marafiki wa dada yako waliotoka Nairobi wakashika midomo. Kogo wako, bibi yako, aliuliza oret, akajibiwa, akaagiza chai iletwe. Habari ikaishia hapo. Leo dada yako ni Cheruiyot aliyeolewa na Cheruiyot, na hakuna anayelala macho kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo kama ni oret unayoiuliza, sina njia ya kukuonyesha inayotoka kwetu ikafika kwa Robert yeyote kati ya hao wawili.

Usidhani nawakataa. Vivian Cheruiyot ni wa Keiyo, na usiku ule wa Rio, Agosti 2016, mama yako alinishika bega akaniamsha kana kwamba nyumba inaungua. Wewe ulikuwa chuoni. Ilikuwa usiku wa manane, saa ya jina lenyewe, majirani wote wamelala, na sisi wawili mbele ya televisheni na blanketi moja. Almaz Ayana wa Ethiopia, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 wiki moja tu kabla, alikuwa ametangulia mbali katika mita 5,000. Mama yako alikuwa ameshafumba macho. Mimi nikasema, "Tazama hatua zake." Mwanamke mfupi vile, akaanza kuipunguza ile nafasi kidogo kidogo, na Hellen Obiri naye nyuma yake, hadi akampita Ayana na kumwacha. Dakika 14, sekunde 26. Alikuwa amekwenda Sydney mwaka 2000 akiwa bado msichana, na dhahabu ya Olimpiki ikamsubiri miaka 16. Mama yako alipiga kelele hadi mbwa wa jirani wakaitikia. Alilia, akisema, "Binti yetu." Sikumsahihisha. Nani angemsahihisha?

Kuna Timothy, wa Bomet, bingwa wa dunia wa mita 1,500 kule Doha mwaka 2019, aliyetangulia mbele tangu mwanzo hadi mwisho kana kwamba wengine hawakualikwa. Miaka miwili baadaye alikuwa wa nne kwenye mchujo wa taifa, akaachwa nje ya timu ya Olimpiki, kisha nafasi ikapatikana, akaenda Tokyo akarudi na fedha. Kuna Evans aliyeshinda Chicago mwaka 2008. Kulikuwa na mapacha, Charles na Kipkoech, wa miaka ya 1980, tuliowasikia redioni nikiwa kijana. Na si wakimbiaji peke yao: seneta wetu wa Kericho ni Aaron Cheruiyot, na watu wawili wamewahi kuniletea vyeti vya watoto wao nimpelekee, wakiamini ninakula naye meza moja. Niliwarudishia vyeti vile kwa heshima. Mmoja hakuniamini, na hadi leo hunisalimia kwa shida.

Sasa nikwambie kwa nini neno lako "baba mdogo" limenikaa kooni. Habari hii mama yako anaijua yote, dada yako ameisikia nusu. Wewe nilikuficha, na sababu utaiona.

Mwaka 1983 nilikuwa nasubiri barua ya chuo cha ualimu. Siku hizo barua za kijiji kizima zilipitia sanduku moja la posta, la shule ya msingi, na Jumapili baada ya ibada mzee wa kanisa alisimama mlangoni akisoma majina ya kwenye bahasha. Jumapili moja sikwenda. Mama yangu alikuwa na homa, nikabaki naye. Siku hiyo ndiyo iliyosomwa bahasha ya kahawia iliyopigwa chapa J. K. Cheruiyot. Mkono ukanyooshwa, bahasha ikachukuliwa.

Aliyeichukua hakuwa mgeni. Nyumba yao ilikuwa mlima wa pili kutoka kwetu, na shuleni alinitangulia mwaka mmoja. J. yake na J. yangu ni majina tofauti ya ubatizo. K. yangu ni Kibet. K. yake ilikuwa Kipkoech. Tuliomba chuo kimoja, na fomu tulizipeleka posta siku moja, tukitembea pamoja asubuhi na mapema, umande ukitulowesha suruali hadi magotini. Mimi sikuwa na pesa za kutosha za stempu. Aliniongezea yeye.

Nilingoja Februari, nikangoja Machi. Mwisho niliazima viatu vya mjomba, nikapanda matatu mbili hadi chuoni. Karani alifungua daftari kubwa lenye jalada jekundu, akashusha kidole hadi herufi C, akasema, "Cheruiyot J. K. amesharipoti. Yuko darasani."

Nikasema, "Cheruiyot J. K. ni mimi."

Alinitazama usoni, kisha viatu, kisha akamtuma mtu.

Alikuja amevaa sweta ya chuo, ya kijani, mikono imejaa chaki, maana walikuwa wakifunzwa kuandika ubaoni. Aliponiona hakushtuka kama mwizi, wala hakufurahi kama jirani. Alisimama mlangoni akijifuta chaki kwenye suruali, kidole kimoja baada ya kingine. Karani akatoa faili. Fomu zetu zilikuwa zimeshikanishwa kwa pini moja, mtu fulani alidhani ni za mwombaji mmoja aliyetuma mara mbili. Alama zilizopigiwa mstari mwekundu, zile zilizompa nafasi, zilikuwa kwenye fomu yangu. Wote watatu tuliuona mstari ule. Tukapelekwa kwa mkubwa wao, akasoma, akavua miwani, akasema muhula umefika katikati, kitanda kimeshapata mtu, na mimi niombe tena mwaka unaofuata.

Yeye hakusema neno. Mimi pia sikusema. Nilirudi nyumbani nikachuma chai mwaka mzima, kikapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu. Nilipoomba tena niliandika majina yangu yote herufi kwa herufi, na tangu siku hiyo sijaandika K. ikisimama peke yake mahali popote. Mlipokuwa wadogo mlilalamika kwamba naandika majina matatu kamili kwenye madaftari yenu hadi yanamaliza mstari. Sasa umejua.

Miaka minane baadaye ukazaliwa wewe, alfajiri, ndege wa kwanza wakianza kulia. Kogo wako akasema jina ni Chepkoech. Nikanyamaza. Nilitaka uitwe jina jingine lolote, hata la mvua, ingawa haikuwa imenyesha. Kogo akachukua ugoro, akakugusa puani kidogo, akaanza kuwataja waliotangulia, mmoja mmoja, taratibu, na ulipotajiwa mama yake ukapiga chafya iliyokutikisa mwili wote, ishara kwamba umelikubali jina hilo. Wanawake wakacheka kwa furaha. Kisha akanigeukia mimi, maana alijua nilichokuwa nikikifikiria, akasema, "Na la saa ni Koech. Saa haina mwizi." Nikakubali. Miaka ya kwanza nilikuita kwa jina la ubatizo zaidi kuliko wenzako, mama yako aliligundua hilo, wewe sidhani.

Swali ninalobishana nalo tangu 1983 ni moja: alijua?

Nikimtetea nasema bahasha ilikuwa na jina lake. Mtu aliyeomba chuo, akasikia jina lake likisomwa mbele ya kanisa, afanye nini ila kunyoosha mkono? Kwao walikuwa wameuza ng'ombe kwa ajili ya karo. Akawa mwalimu mzuri, baadaye mwalimu mkuu, akawasomesha wadogo zake wanne. Baba yangu alipofariki alikuja, akaingiza bega chini ya jeneza bila kuombwa, nami niliiona ile mikono.

Nikigeuka upande wa pili nasema: tulitembea pamoja kwenda posta. Katika watu wote wa kijiji kile, yeye peke yake ndiye aliyejua kwa hakika kwamba kuna J. K. Cheruiyot wa pili anayengoja barua kutoka chuo kile. Kwetu ni mwendo wa dakika ishirini. Hakuja kuuliza.

Mwaka 1997 tulikutana kwenye kusahihisha mitihani, meza moja, siku tano. Siku ya tatu, bila kuinua macho kwenye karatasi, akaniambia, "Barua ile ilikuwa na jina langu." Nikamjibu, "Na langu." Tukaendelea kusahihisha. Hatujaliongelea tena, na yeye amestaafu kabla yangu.

Sikulinganishi naye, mwanangu, tuelewane. Hukumnyang'anya mtu kitanda. Lakini ulipewa kitu kwa sababu ya jina, ukakipokea, na aliyekitolea jasho ni mwingine, ambaye hukujua hata ni yupi kati ya wawili. Yule kijana wa Bomet alikimbia mbio zake, akashinda, akaweka rekodi, na pale wodini kwenu ushindi wake umehesabiwa kwa mwenziwe. Hilo linaniuma kwa ajili yake. Najua maana ya kuwa kwenye faili la mtu mwingine.

Halafu nakumbuka kituo cha chai. "Wetu! Wetu!" Nani aliyenipa ruhusa mimi? Na mama yako na binti yake wa Rio? Kama kushangilia si kosa, ni wapi hasa ambapo kushangilia kunageuka kuwa kudai? Nimelitafuta hilo wiki nzima, nikichuma chai nalitafuta, nikikamua nalitafuta. Nilijaribu hata njia ya rika ili nikuokoe: mtu wa rika la baba yako ni baba yako, na ungekuwa umesema kweli tupu. Lakini Robert Kipkoech amezaliwa 1978, mimi 1963, jando letu haliwezi kuwa moja. Na yule wa pili angeweza kuwa mwanafunzi wangu.

Naelewa pia kwa nini wenzako waliamini upesi. Walikuwa wameona John Korir akishinda Boston mwaka 2025, ameanguka pale mwanzoni akainuka, na wakasikia kwamba kaka yake Wesley Korir alishinda mwaka 2012. Hao kweli ni wa tumbo moja, ndugu wa kwanza kushinda mbio zile. Mtu akishayaona hayo, kila jina linalofanana atalifanya familia. Lakini jina ni saa. Korir na Korir hawa walikuwa ndugu kwanza, jina likafuata.

Mama yako anataka nikwambie urudi wodini ukakanushe mbele ya wote. Nimeuandika mstari huo mara mbili na kuukata mara mbili. Karatasi hii utaona imechubuka hapo juu. Ungekuwa na miaka tisa ningekuandikia bila kusita. Wewe sasa unashika mikono ya watu wanaokata roho, unajua ni neno gani linamsaidia mtu na ni lipi halimsaidii, na huyo mgonjwa wa picha unamjua wewe, si mimi. Ninalo neno. Nalizuia, na kulizuia kunanisumbua.

Nitakachokupa ni hiki, kinasemeka wodini bila kuongezewa kitu. Wewe ni Chepkoech, na Robert aliyeshinda mara nne ni Kipkoech. Mmoja amezaliwa Kapsabet na mwingine hapa nyumbani, miaka kumi na mitatu imepita katikati, na wote wawili mlitoka alfajiri. Ndivyo ninavyoweza kuthibitisha. Yule mwenzangu wa sweta ya kijani naye yumo humo humo, na imenichukua muda mrefu kuweza kuliandika hilo.

Aprili ijayo, Jumatatu ile ya mbio, kama hutakuwa zamu, nenda usimame barabarani. Akipita Cheruiyot yeyote, awe wa mbele au wa nyuma kabisa, niandikie jina lake. Yote matatu tafadhali, si herufi.

Baba yako